Michungwa Chini ya Ukuta

Kilichoninyima usingizi mwaka ule kilikuwa swali moja: mto ukija, ukuta utauzuia? Kijana mwingine wa umri wangu, ametoka chuo kikuu juzi na digrii ya jiografia, angekosa usingizi kwa sababu ya kazi. Mimi pia nilikuwa nangoja kuitwa kazini, ila wasiwasi wa kazi niliumaliza mchana. Nikishalala katika stoo ya shangazi yangu Nduku, nje kidogo ya Matiliku, magunia ya mbaazi yakiwa upande wa kichwa na majembe upande wa miguu, niliuteremsha mto kwa mawazo kutoka milima ya Kilungu, nikaupitisha kwenye kona zake zote nilizozijua, nikaufikisha ukutani, halafu nikashindwa kusema unafanya nini ukifika hapo. Kuna mara ulisimama kwa adabu kama ng'ombe aliyekuta lango limefungwa. Kuna mara ulipanda juu ya ukuta bila haraka na kushuka upande wa pili, na upande wa pili ndiko kulikokuwa na mboga za wanawake wote wa kundi, na karibu kabisa na ukuta, mahali pa heshima, mikebe ya michungwa ya shangazi. Niliweza kuamini yote mawili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu wakati ule, na sina hakika kama imekwisha.

Tulimzika shangazi mwezi uliopita. Baada ya maombi, watu walipokuwa wakipakuliwa wali na mchuzi wa mbuzi, nilitoka penye hema nikaenda kusimama kwenye michungwa. Ni miti mikubwa sasa, imekaa safu safu kwenye uwanda ulio juu ya ukingo wa mto, nyuma ya jiko lake, na ilikuwa na matunda. Mwikali, mmoja wa wanawake waliojenga ukuta, alinifuata huko. Amekuwa bibi mkongwe, amekauka kama ganda la mbaazi, lakini mdomo haujazeeka. Alichuma chungwa bila kuomba ruhusa ya mtu, akaanza kulimenya kwa kucha.

"Digrii," akaniita. Ndilo jina alilonipa mwaka ule, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo. "Umeona ukuta wetu?"

"Nimeuona, mwaitu." Kwetu mwanamke wa rika la mama yako unamwita mwaitu, mama yetu, hata kama hajakuzaa.

"Uko?"

"Uko."

"Haukuanguka."

"Haukuanguka."

Akanikatia nusu ya chungwa. "Basi kula."

Tumekuwa na mazungumzo hayo kila tunapokutana, miaka nenda miaka rudi, maneno yale yale, na kila mara nahisi kuna kitu kingine anachoniuliza. Nilikula chungwa langu nikitazama chini mtoni, mchanga ukiwa mweupe na mkavu, ukuta umelala kukingama mto kama mtu aliyechoka. Nikaona nikirudi nyumbani nitaandika mambo ya mwaka ule, kabla sijabaki peke yangu ninayeyajua.

Ukuta ulijengwa kabla sijafika. Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa kubwa, na kanisa lilileta saruji, vyuma na fundi mmoja wa kuelekeza, likawaambia watu wa kijiji walete mawe na mikono. Mikono ilikuwa ya mwethya, yaani kundi la majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu, leo kwako, keshokutwa kwangu. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa, mwethya wetu ulikuwa wa wanawake. Mto wenyewe, kama mito mingi ya Makueni, ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji yamejificha chini ya mchanga. Ukijenga ukuta juu ya mwamba, kukingama mto, mchanga hujaa nyuma yake mvua baada ya mvua, na ndani ya mchanga huo maji hukaa hadi kiangazi. Wanawake walijipanga mstari kutoka kilimani hadi mtoni wakapokezana mawe mkono kwa mkono, wakiimba. Mwisho wa mstari, juu ya mbao za fundi, alisimama shangazi, kwa sababu alikuwa na mikono mirefu na hakuogopa kusimama juu. Siku moja, ukuta ukiwa karibu kwisha, Mwikali alimpokeza jiwe. Mbao zilikuwa na tope. Shangazi aliteleza na jiwe likamfuata. Hospitalini walimfunga plasta, na plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umepona, lakini ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na goti halikukunjika tena.

Jambo ambalo lilinisumbua tangu siku niliyolisikia ni kwamba ukuta ulimalizika baada ya mvua za mwezi wa nne. Maana yake ulikuwa haujawahi kuuona mto. Lakini fundi, alipokuwa akiondoka, alisema neno moja ambalo kila mtu alilishika: maji sasa yatakaa nyuma ya ukuta. Walilichukua jinsi lilivyo. Chini ya ukuta kulikuwa na uwanja mpana wa mchanga na udongo mweusi ambao hakuna aliyewahi kuulima, kwa sababu ulikuwa njia ya mto. Sasa, kama maji yatakaa nyuma, uwanja ni wa bure. Kalekye, mwenyekiti wa kundi, mwanamke mrefu wa kanisani aliyesema polepole ili asirudie, aliupima kwa kamba ya katani na kuugawa vipande. Kila mtu aliokota kijiti kuona kipande chake ni kipi, isipokuwa mmoja. Kipande kilicho chini kabisa ya ukuta, chenye unyevu kuliko vyote, alipewa Nduku bila kijiti, kwa ajili ya mguu wake.

Hivyo ndivyo nilivyoingia mimi. Nyumba isiyotoa mkono siku ya mwethya hupoteza kipande, na shangazi hakuweza kuinama. Nikatumwa niwe mkono wake mpaka nitakapoitwa kazini. Nilifika mwezi wa saba na begi moja la nguo na jingine la vitabu ambavyo sikuvifungua. Asubuhi ya kwanza nilishuka mtoni nikiwa nimevaa viatu. Nilikuwa nimefikiria sana habari ya viatu, kama nivae au nisivae, na bado nilichagua vibaya.

"Nduku ametuletea mkono," Kalekye aliwaambia wenzake.

"Huu ni mkono ama ni kijiko?" Mwikali alisema, akinigeuza kiganja. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwanya. "Laini kama wa mchungaji wa kanisa. Mwanangu, huko chuo ulisoma nini?"

"Jiografia."

"Hiyo inapikwaje?"

"Ni habari ya milima, mwaitu. Mito. Mvua."

Akawageukia wengine. "Mmesikia? Digrii amesomea mvua. Mwulizeni inakuja lini."

Waliniuliza kila siku tangu hapo. Kila siku nilijaribu kujibu kwa uangalifu, nikieleza upepo wa kaskazini mashariki na ule wa kusini mashariki, na kila siku walicheka kabla sijafika kwenye upepo wa pili. Lakini walinifundisha kazi. Tulilima kipande cha mtu mmoja kwa siku, kufuata zamu. Asubuhi Kalekye alimwuliza mwenye siku, "Tunafanya nini?" na mwenye siku alitaja kazi moja: kuchimba, kupalilia, kuhamisha miche, kuchota mbolea. Kazi ikishatajwa haikubishaniwa. Hata ukiona ni ya kijinga, uliifanya, kwa sababu kesho yako ingekuwa ya kijinga vilevile. Hilo tuliliita neno la mwenye siku. Nililipenda sana jambo hilo, mimi ambaye sikuwahi kutamka neno bila kulizunguka mara tatu.

Tulipanda sukuma wiki, nyanya, vitunguu na mchicha. Maji tuliyachota kwenye visima tulivyochimba mchangani, vifupi kama kimo cha mtoto, vilivyozungushiwa matawi ya miiba ili punda wasiingie. Unaingia, unainama, unachota kwa kata ya kibuyu, unangoja maji yapande tena. Jioni mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua kuna mgongo. Nilimwuliza shangazi, "Kitunguu na kitunguu niache nafasi gani?" Akanijibu, "Ya kitunguu." Nilirudi shambani nikakata kijiti, nikapima kitunguu kikubwa cha jikoni kwake, nikapanda kwa kijiti. Mwikali alipokiona alikichukua akakichomeka kwenye kilemba chake na kukivaa mchana kutwa.

Lakini mboga zilikuwa kazi ya kundi tu. Moyo wa shangazi ulikuwa kwenye mikebe. Mwaka uliotangulia, akiwa na miguu yote miwili, alipanda mbegu za limau lile la kienyeji lenye ganda la makunyanzi katika pakiti za maziwa ya shule. Zilipokuwa miche alizihamishia kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa chini kwa msumari, na shina lilipofika unene wa kalamu alilichanja, akaingiza jicho, yaani chipukizi changa, la mchungwa mtamu, akalifunga kwa utepe wa nailoni. Alikuwa amejifunza kwa mtu wa Kathonzweni. Mikebe ilikuwa zaidi ya arobaini. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kubeba maji ya kutosha mikebe yote hadi nyumbani, alipopewa kipande cha heshima aliomba wanawake waiteremshe mikebe yote huko, wakaifukia nusu kwenye mchanga wenye unyevu, safu safu, chini ya kivuli cha makuti. Kila jioni swali lake la kwanza kwangu lilikuwa macho mangapi yameamka, yaani yameanza kuchipua.

Tulikula jikoni kwake, nyumba ndogo ya udongo yenye moshi wa miaka mingi kwenye dari. Alikaa kwenye kigoda, mguu mbaya umenyooka kuelekea mafiga kama ukuni ambao bado haujasukumwa ndani. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi mpaka yakawa laini, na majani ya kunde pembeni, na baadaye chai ya maziwa mengi. Alinitazama nikigeuza kikombe kuangalia kama kuna mdudu.

"Unatafuta nini humo?"

"Hakuna, shangazi."

"Sasa kama hakuna, kunywa."

Siku moja, bila mimi kumwuliza, aliniambia habari ya miti. Binti yake wa Mombasa alikuwa amemtumia watu mara mbili waje wamchukue. Binti huyo alikuwa na chumba kimoja na watoto watatu. "Nikakae kwenye kitanda cha mtu kama mgeni mpaka nife?" alisema, akipekecha kunde kwa kidole. "Mtu wa jembe asiye na goti hana kazi shambani. Lakini mchungwa haulimwi na goti. Unakaa chini yake, unangoja. Kungoja naweza." Akalamba kidole. "Ikishika hiyo miti, ninakaa hapa. Isiposhika nitafunga mlango niende." Alisema kama mtu anayezungumza juu ya bei ya chumvi, halafu akaniuliza tena macho mangapi yameamka.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata mahali pa kukaa. Mpaka siku ile nilikuwa nawaza juu ya ukuta kama mwanafunzi. Sasa kila nikiwaza ukuta niliona mlango umefungwa kwa kufuli na kigoda kimewekwa ndani. Mwezi wa kumi ulipoingia, mawingu yalianza kukusanyika mchana juu ya Kilungu. Kwetu jua liliendelea kuchoma; kwenye mashamba ya juu watu walikuwa wakipanda mahindi kwenye vumbi, kama ilivyo desturi, ili mvua ikute mbegu ardhini. Mimi nilisimama juu ya ukuta wakati wengine wakinywa uji. Upande wa nyuma kulikuwa na shimo tupu lenye mchanga kidogo chini, kama sufuria iliyooshwa. Niliutazama upana wake, nikautazama mto unakotoka, nikajiuliza sufuria moja inaweza kumeza mto wa namna gani. Jibu lilikuwa wazi. Kisha nikajiambia: kama lingekuwa wazi hivyo, wanawake hawa waliozaliwa hapa wasingeliona? Na fundi aliyejenga kuta nyingine kabla ya huu, angesema maji yatakaa kama hayakai? Na mimi ni nani, niliyekuja na viatu? Nikashuka. Kesho yake nikapanda tena.

Nilijaribu kumwuliza Kalekye, kwa njia ndefu niliyokuwa nimeitayarisha.

"Mwaitu, fundi alisema maji yatakaa nyuma ya ukuta."

"Alisema."

"Yakijaa je?"

"Yakijaa ni baraka."

"Na yakizidi kujaa?"

Aliweka jembe chini. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilifanya pale. "Mutua. Wewe hukubeba jiwe." Akaokota jembe akaendelea kulima.

Ilikuwa kweli. Wao walikuwa wamebeba mlima mzima kwa mikono yao na mmoja wao ameacha goti pale. Kuuliza kama ukuta utazuia mto kulikuwa sawa na kumwuliza mama aliyenyonyesha kama ana hakika mtoto ni wake. Nikaamua kunyamaza. Uamuzi huo ulidumu mpaka Jumapili.

Jumapili hiyo alasiri nilikuwa stoo, nimelala na kitabu kifuani. Ukuta wa stoo haukufika kwenye paa; uliachwa wazi juu ili hewa ipite kwenye magunia, na kila kilichosemwa sebuleni kilianguka upande wangu. Kalekye alikuwa amekuja kunywa chai baada ya kanisa. Walizungumza habari ya kwaya, na ya mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa sokoni Sultan Hamud, kisha Kalekye akasema:

"Kijana wako anahesabu mawingu."

"Ndivyo alivyo. Hata chai anaikagua."

Walicheka wote wawili. Nilifunga macho.

"Ameniuliza maneno ya ukuta. Umemtuma?"

Kijiko kiligonga kikombe kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Mimi? Mimi nikisema neno juu ya ukuta, Kalekye, mtasema ni mguu unaongea."

"Hatuwezi kusema hivyo."

"Mtasema. Na Mwikali atasikia kwamba nimemwekea jiwe moyoni. Unajua anakuja kila Jumamosi kuniletea maji? Huyo Mwikali unayemjua, mwenye mdomo. Hapa haongei. Anamimina mtungini na kwenda."

"Kwa hiyo una neno."

"Sina neno. Ongeza sukari, hiyo chai haina kitu."

Nimeyageuza maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko yote niliyosoma chuoni. Alijua nipo. Aliniona nikiingia stoo, na alijua ukuta wa stoo ulivyo kwa sababu yeye ndiye aliyeujenga. Je, alisema kwa Kalekye, au alisema kwangu kupitia kwa Kalekye? Au alisema tu, kama watu wengine wanavyosema, bila kupanga? Jioni nilimtazama akipepeta mahindi nikitafuta dalili usoni mwake. Aliniuliza kama nina homa.

Kesho yake nilishuka mtoni mapema nikajaribu kunyanyua mkebe mmoja. Nilidhani nitaubeba mmoja mmoja kila siku, kimyakimya, mpaka yote iwe juu, na hakuna atakayekuwa amesema lolote. Mkebe haukutoka. Nilichimba pembeni nikaona kwa nini: mizizi ilikuwa imepita kwenye matundu ya msumari na kushika mchanga. Ilikuwa imefanya kile hasa ambacho ungetaka mti ufanye. Nilivuta, nikasikia kitu kikiraruka kama shuka kuukuu, na ilipofika saa sita majani ya mche ule yalikuwa yamelala. Niliurudisha shimoni, nikaumwagia maji, nikamwomba Mungu kwa ajili ya mche. Siku zilizofuata uliangusha majani yote, lakini nilipoukwaruza shina kwa ukucha, ndani ulikuwa kijani. Kwa mtu wa aina yangu hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. Ungekufa, ningeacha mikebe mahali ilipo. Ungepona, ningeihamisha. Ulibaki katikati, na mimi nikabaki katikati pamoja nao. Nikiiacha, huenda mto usiguse hata mmoja. Nikiihamisha, huenda niue kwa mikono yangu kitu ambacho mto ungekihurumia.

Zamu yetu ilifika Alhamisi. Jana yake jioni, juu ya muthokoi, nilimkumbusha shangazi kwamba kesho ni siku yake.

"Najua."

"Niwaambie wafanye kazi gani?"

Aliuvuta mguu wake kwa mikono miwili, akauweka vizuri karibu na moto. "Anayekwenda ndiye anayesema," alijibu. Akanipakulia tena, ingawa nilikuwa bado sijamaliza.

Asubuhi Kilungu haikuonekana. Kulikuwa na kitu cha kijivu mahali pake, na kwetu jua lilikuwa linawaka kama kawaida. Wanawake walikuwa wamesimama kando ya safu za vitunguu, majembe mabegani, wakingoja kuambiwa wapalilie, maana magugu yalikuwa mengi na kila mtu aliyaona. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na upepo wa kwanza na wa pili ndani yake.

"Mwenye siku," Kalekye alisema. "Tunafanya nini?"

"Leo tunahamisha michungwa," nikasema.

"Kwenda wapi?"

"Juu. Nyuma ya jiko."

Mwikali aliangalia mikebe, kisha akaangalia ukuta, si mimi. "Na hapa pana nini?" aliuliza. Hakukuwa na mzaha ndani ya sauti yake.

Kalekye alikuja karibu. "Mutua, Nduku amekutuma?"

Hotuba ilinitoka kichwani yote. Nilijua nikisema ndiyo, mguu utakuwa umeongea. Nikisema hapana, mimi ni mtoto wa shule anayewatukana watu waliobeba mlima. Kwa mara ya kwanza tangu nifike sikupata kitu cha kuzunguka, nikasema kilichokuwa karibu.

"Hapana, mwaitu. Hajanituma. Ni mimi. Ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu. Mnanijua. Naogopa hata chai." Mtu mmoja alicheka nyuma. "Ukuta siujui, sikubeba jiwe. Huenda ni imara kuliko mto. Mimi ndiye si imara. Leo ni siku yetu, na hiyo ndiyo kazi ninayoomba."

"Mizizi itakatika," alisema Mwikali.

"Mingine."

"Na miti itakufa."

"Mingine, mwaitu."

Nilimwona Kalekye akiutazama ukuta kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake kanisani kuona kama amekaa vizuri. Halafu akashusha jembe lake, akalilaza chini kando ya vitunguu.

"Neno la mwenye siku," alisema. "Jipangeni."

Najua sasa kilichokuja baadaye. Najua mto ulishuka mwezi wa kumi na moja bila tone moja kudondoka kwetu, ukajaza ile sufuria kwa muda usiotosha kuchemsha chai, ukapita juu ya ukuta, ukachukua vitunguu vya kila mtu na miiba ya visima na kamba ya katani. Najua ukuta ulibaki umesimama pale pale, bila ufa, na kwamba mchanga unaonywesha kijiji kizima leo ulianza kukaa nyuma yake siku hiyo. Mwikali ana haki ya kuuliza anavyouliza. Lakini Alhamisi ile hakuna aliyejua lolote kati ya hayo, na magugu yalikuwa yanatutazama.

Walijipanga kutoka mtoni hadi juu ya ukingo. Mwikali alipanda mpaka mwisho kabisa wa mstari bila kuambiwa. Mimi nilipiga magoti mchangani na panga, nikachimba kuzunguka mkebe wa kwanza, nikakata mizizi kwa pigo moja badala ya kuivuta, nikauinua na donge la mchanga wenye maji chini yake. Nikampokeza Kalekye, naye akampokeza aliyefuata. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea. Sikuwahi kuusikia, lakini niliona jinsi miili yao ilivyoujua, nikaelewa kwamba ni ule wa mawe. Na hapo, mkebe wa tatu ukiwa mkononi, nikakumbuka kitu ambacho katika mawazo yangu yote ya usiku sikuwa nimekiwaza hata mara moja. Mashimo. Sikuwa nimechimba shimo lolote huko juu. Nilimwachia mwingine panga, nikakimbia kando ya mstari kupanda ukingo, viatu vikijaa mchanga.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya jiko. Chini mbele yake, kwenye udongo mwekundu, kulikuwa na alama za mashimo, miduara iliyochorwa kwa ncha ya fimbo, safu baada ya safu, ikifika mpaka karibu na choo, na kingo zake zilikuwa tayari zimeanza kupeperushwa na upepo, maana hakuichora asubuhi ile. Fimbo yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko. Mwikali alikuwa mbele yake na mkebe wa kwanza, ameushika kifuani, hautoi. Nyuma yake mstari mzima ulikuwa umesimama na mikebe yake, na wimbo ulikuwa umekatika.

Shangazi alinyoosha mikono yote miwili, ile mikono mirefu.

"Nipokeze, Mwikali," alisema. "Mizizi inapigwa na jua."